Nguvu ya Mwili Yatoka Wapi? Habari ya Fosfeti na Uhai

Kila mtu husema kwamba chakula ndicho kiletacho nguvu, na maneno hayo ni kweli. Lakini tukiulizwa ni kwa njia gani sahani ya wali iliyoliwa jana usiku huwa ni mkono unyanyuao ndoo leo asubuhi, wengi wetu hunyamaza. Wali hauvuti mshipa, wala tende haisukumi damu. Baina ya chakula na kazi kuna kitu cha kati, kidogo mno hata jicho haliwezi kukiona, na kitu hicho ndicho tukusudiacho kukieleza katika makala haya. Tumeshika kalamu kwa sababu mbili: kwanza, hii ni elimu yenye faida kwa kila nyumba, na pili, jambo hili lilileta mzozo katika ukoo wetu wenyewe, na twadhani si ukoo wetu peke yake.

Mzozo ulianza hivi. Mzee mmoja katika jamaa zetu alifariki usiku, naye alikuwa amelala peke yake chumbani. Haikujulikana mpaka ilipoadhiniwa alfajiri, akaitwa asiitike. Tulipokusanyika kumwosha, viungo vyake vilikuwa vimekwisha kukakamaa. Shehe aliyesimamia josho, mtu wa makamo aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, hakulazimisha kitu. Alitaka maji ya vuguvugu, akawa anasugua kiungo kimoja kimoja, kiwiko, kisha kifundo cha mkono, kisha vidole, polepole kama mtu amfunguaye mtoto ngumi. Miongoni mwetu alikuwako kijana, mtoto wa dada yetu, ambaye alikuwa kidato cha sita. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, yeye hana nguvu tena, mbona vidole vyake vyatushinda?" Mzee mmoja akamwambia, "Hapa si shuleni, mwanangu." Kijana akanyamaza.

Baada ya siku tatu za matanga, tukiwa barazani, yule kijana akasema kwamba jibu la swali lake analijua. Akaeleza kuwa mwili hukakamaa kwa kukosa kitu kiitwacho ATP, na kwamba kitu hicho hicho ndicho kiendeshacho kila chenye uhai, na kwamba wataalamu wakifuata nyayo zake wanatafuta namna uhai ulivyoanza duniani. Babu yake akamwuliza, "Ina maana wamekwisha kulijua hilo, wala halikubaki la Mwenyezi Mungu?" Kijana, kwa haraka ya ujana, akajibu, "Babu, kila kitu kina sababu yake." Mzee hakusema neno zaidi. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akimlipia ada, na wiki ile ile tukapata habari kwamba anasita kumpeleka chuo kikuu kwenda kusoma elimu hiyo. Dada yetu akatujia sisi wajomba, akatutaka tuamue. Hatukuona kuwa yafaa kuamua juu ya jambo tusilolijua. Basi tukaanza kusoma, na haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Mwaka 1669, katika mji wa Hamburg, Ujerumani, mtu aitwaye Hennig Brand alikuwa akitafuta dhahabu. Alikusanya mikojo mingi, akaichemsha hata ikawa nzito, akaichoma kwa moto mkali. Dhahabu hakuipata, ila alipata kitu cheupe kama nta kilichong'aa gizani. Kikaitwa fosforasi, jina la Kiyunani lenye maana ya mleta nuru. Miaka mia moja baadaye wanakemia wawili wa Uswidi, Gahn na Scheele, wakaonyesha kwamba fosforasi imo katika mifupa. Leo yajulikana kuwa mtu mzima ana fosforasi ipatayo gramu 700 mwilini mwake, na sehemu kama 85 kwa mia katika hiyo imo katika mifupa na meno. Nayo mwilini haikai peke yake. Chembe moja ya fosforasi hushikana na chembe nne za oksijeni, na mshikamano huo ndio uitwao fosfeti.

Sehemu ndogo iliyobaki nje ya mifupa ndiyo ifanyayo kazi tunayoizungumza. Dalili yake ya kwanza ilionekana katika hamira, hii hii tuitiayo katika maandazi. Mwaka 1906 huko London, Arthur Harden na William Young walikamua maji ya hamira wakayatia sukari; yakaanza kutoa mapovu ya hewa, kisha baada ya muda mapovu yakapungua. Walipoongeza fosfeti, mapovu yakarudi kwa nguvu. Wakatambua kwamba hamira haiivunji sukari mpaka sukari ishikane na fosfeti kwanza. Kwa kazi yake katika jambo hilo Harden alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929, pamoja na Hans von Euler-Chelpin.

Na mwaka huo huo wa 1929 kitu chenyewe kikapatikana ndani ya misuli. Karl Lohmann alikipata Ujerumani. Na huko Marekani, katika chuo cha Harvard, wakakipata Cyrus Fiske na mwenzake Yellapragada Subbarow, mtu wa kusini ya India aliyezaliwa Bhimavaram mwaka 1895. Kitu hicho ni adenosini trifosfeti, nacho kwa ufupi huitwa ATP. Maana ya jina lake ni kwamba kina kichwa kiitwacho adenosini, na mkia wa fosfeti tatu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine.

Mfano wa kazi yake ni huu. Mtu akienda gengeni na noti ya shilingi elfu kumi kununua kitunguu kimoja, mwenye genge atamwambia hana chenji. Mali anayo, lakini haimfai mpaka aivunje. Sukari na mafuta ni noti kubwa. ATP ni sarafu ndogo inayopokelewa katika kila duka la mwili. Msuli hukunjika kwa sarafu hiyo, figo huchuja kwayo, ubongo hupeleka habari kwayo, na jeraha huunga kwayo. Chembe moja ya sukari ya damu ikichomwa kwa oksijeni hutoa sarafu kama 30 hivi. Aliyelieleza jambo hili kwa upana ni Fritz Lipmann, katika makala aliyoiandika mwaka 1941, alipoonyesha kuwa fosfeti hizi ndizo ziunganishazo kuchoma chakula na kufanya kazi.

Pengine msomaji atauliza, fosfeti tatu zina nini hata zikawa na thamani hiyo? Kila fosfeti ina umeme wa namna moja na mwenzake, na umeme wa namna moja husukumana, kama ncha mbili za sumaku zinazofanana. Kuziweka tatu pamoja ni kazi. Ile ya mwisho ikitolewa kwa maji, zote hupata nafasi na kutulia, na ile tofauti baina ya kubanwa na kutulia ndiyo nguvu ambayo mwili huitumia. Kinachobaki ni fosfeti mbili mkiani na moja iliyo huru, nazo hurudishwa kuunganishwa tena.

Zaunganishwa wapi? Ndani ya kila seli, yaani kile chumba kidogo ambacho mwili umejengwa kwacho, mna vijumba vidogo zaidi viitwavyo mitokondria. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alisema kwamba nguvu ya chakula hutumiwa kwanza kusukuma chembe za haidrojeni zenye umeme ziende upande mmoja wa ukuta wa kijumba hicho, zirundikane kama maji nyuma ya bwawa, kisha zirudi kwa kupita katika kinu. Wengi hawakumkubali kwa miaka mingi. Baadaye ushahidi ukawa upande wake, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1978. Kinu chenyewe kilielezwa na Paul Boyer wa Marekani na John Walker wa Uingereza, waliopata tuzo hiyo mwaka 1997. Na mwaka huo wa 1997 wataalamu wa Japani walifunga uzi mdogo unaong'aa juu ya kinu kimoja, wakautazama kwa darubini, wakauona ukizunguka. Kila kinu kikizunguka mara moja, ATP tatu hutoka.

Ewe msomaji, tafakari hesabu hii. ATP yote iliyomo mwilini mwa mtu kwa wakati mmoja haizidi robo ya kilo. Lakini mtu kwa siku moja hutumia ATP ya uzito unaokaribia uzito wa mwili wake mzima. Hayo huwezekana kwa sababu kila chembe yake huvunjwa na kuunganishwa tena mamia ya mara kutwa. Mwili hauweki akiba ya ATP. Huiweka akiba ya sukari katika ini na misuli, na akiba ya mafuta chini ya ngozi, na kuigeuza kuwa ATP kila inapohitajiwa. Ndiyo sababu mfungaji aliyekula daku huweza kutembea, kusoma na kufanya kazi hata saa kumi za alasiri: chakula cha daku kikiisha matumboni, ini hutoa sukari yake, na mafuta nayo huzidi kuchomwa, na kinu hakisimami. Lakini oksijeni ikikatika, ubongo hudhurika katika muda wa dakika chache tu, kwani hakuna ghala ya ATP ya kuusubirisha.

Sasa twarudi kwenye swali la kijana. Msuli umejengwa kwa nyuzi za namna mbili zilizolala sambamba. Nyuzi moja ina vichwa vidogo vingi, na vichwa hivyo hushika nyuzi ya pili, huivuta, kisha huiachia, kisha huishika mbele zaidi, kama watu wavutao kamba ya ngalawa mkono baada ya mkono. Mwaka 1939 wataalamu wa Kirusi Engelhardt na Lyubimova waligundua kwamba nyuzi hiyo yenye vichwa ndiyo ivunjayo ATP. Na baadaye ikabainika jambo ambalo sisi tusingalilidhani: ATP yahitajiwa ili kichwa kiachie. Bila ya ATP kichwa kilichoshika hubaki kimeshika. Mtu akifa, kinu husimama, ATP iliyobaki huisha baada ya saa chache, na vichwa vyote vilivyoshika haviachii tena. Taya na shingo hutangulia, kisha mikono, kisha miguu. Na joto la kwetu huharakisha mambo. Baada ya siku moja au mbili au zaidi, nyuzi zenyewe huanza kuharibika, na mwili hulegea tena.

Basi vidole vya marehemu wetu havikuwa na nguvu ya kutushinda. Vilikuwa vimekosa nguvu ya kuachia. Na wale waliotufundisha kwamba maiti alainishwe viungo mapema, kabla mwili haujapoa, na kwamba asivutwe kwa nguvu bali asuguliwe kwa upole, walifundisha jambo lililo sawa na elimu hii, ingawa neno ATP halikuwapo bado. Tulipomweleza yule shehe mwoshaji, alicheka kidogo akasema, "Mimi mikono yangu yalijua, sasa na masikio yamejua."

Wenye nyumba nao wana fungu lao katika elimu hii. Kuna sumu ambazo hukizuia kinu hiki, na mojawapo ni sianidi. Mtu aliyepatwa nayo ana hewa kifuani na oksijeni katika damu, lakini seli zake haziwezi kuitumia oksijeni hiyo, na ATP hukoma kutengenezwa. Mihogo michungu ina asili ya sumu hiyo. Kwa hiyo bibi zetu huimenya, huiloweka siku kadhaa, huianika juani, kisha ndipo huisaga. Kazi hiyo si ya kupoteza wakati, na asidhani kijana wa leo kuwa aweza kuifupisha. Katika miaka ya 1980, wilayani Tarime, na vile vile Msumbiji na Kongo, watu wengi, zaidi wanawake na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Nao huandamana na kula mihogo michungu isiyotengenezwa vyema, katika nyakati za njaa ambapo vyakula vya kujenga mwili ni haba. Wenye njaa hufupisha kuloweka kwa kuwa hawawezi kungoja, na wasioweza kungoja ndio wanaostahili kusaidiwa mapema.

Hata hapa babu na mjukuu wasingaligombana. Ugomvi wao ulikuwa juu ya mwanzo. Basi na tuutazame.

Wataalamu waliona kwamba hakuna chenye uhai kinachojulikana, tangu vijidudu visivyoonekana hadi mbuyu na nyangumi, kisichotumia ATP. Wakaona pia kwamba uzi ule ubebao urithi wa mzazi kwenda kwa mtoto umeshonwa kwa fosfeti kutoka mwanzo wake hadi mwisho, na kwamba utando unaoizunguka seli nao una fosfeti. Wakauliza: kwa nini fosfeti na si kitu kingine? Mwaka 1987 Frank Westheimer wa Harvard alitoa jibu ambalo wengi wamelipokea. Fosfeti huweza kuunga vitu viwili na bado ikabaki na umeme wake. Umeme huo huyazuia maji yasiuvunje muungano upesi, na huzuia kitu kisivuje nje ya seli. Hivyo ni muungano udumuo, na seli yenyewe ikitaka kuuvunja huuvunja bila ya taabu. Si rahisi kupata kitu kingine chenye sifa hizo zote.

Lakini hapo pana fundo. Fosfeti ikikutana na kalisi hushikana nayo na kuwa jiwe gumu liitwalo apataiti, ambalo karibu haliyeyuki katika maji. Ikiwa dunia ya kale ilikuwa na fosfeti iliyofungwa ndani ya mawe, uhai wa kwanza uliipata wapi? Mwaka 1953 Stanley Miller, akiwa Chicago, alipitisha cheche za umeme katika chupa yenye hewa alizozidhania kuwa za dunia ya kale, akapata vitu ambavyo nyama ya mwili hujengwa kwavyo. Lakini fosfeti haikuwamo. Mwaka 1963 Cyril Ponnamperuma, mtu wa Galle katika nchi iitwayo leo Sri Lanka, pamoja na Ruth Mariner na Carl Sagan, walimulika adenosini iliyochanganywa na dawa ya fosfeti kwa miali kama ile ya jua, wakapata ATP. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo wengine walihoji kama dawa ile waliyoitumia ilikuwako katika dunia ya kale.

Tangu hapo milango kadhaa imebishwa. Mmoja ni vimondo, kwani baadhi yao huja na madini ya fosforasi na chuma ambayo yakiingia majini huachia fosforasi kwa urahisi zaidi kuliko apataiti. Wa pili ni radi: mwaka 2021 wataalamu waliandika habari za udongo ulioyeyushwa na radi huko Illinois, Marekani, wakakuta ndani yake madini ya namna ile ile ya vimondo. Wa tatu uko jirani yetu. Mwaka 2020 Jonathan Toner na David Catling wa chuo kikuu cha Washington, mjini Seattle, walionyesha kwamba katika maziwa ya magadi ile kalisi hushikwa na magadi, nayo fosfeti hubaki huru ndani ya maji, ikaongezeka kadiri jua linavyoyakausha. Baadhi ya maziwa hayo yana fosfeti nyingi kuliko ya bahari kwa maelfu ya mara. Na miongoni mwa maziwa waliyoyataja limo Ziwa Magadi la Kenya. Magadi haya haya tutiayo katika maharagwe yapate kulainika ndiyo wataalamu wayatazamayo kuwa huenda yalifungua jiwe.

Lakini neno "huenda" lisipotee katika masikio yetu. Mpaka tuandikapo haya, hakuna mtu aliyechukua mawe na maji na hewa akatoa seli hai. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba fosfeti imeonekana katika chembe za barafu zitokazo Enceladus, mwezi wa sayari ya Zohali, kwa vipimo vilivyoletwa na chombo cha Cassini ambacho safari yake ilimalizika mwaka 2017. Na watangazaji wenyewe walisema kwamba kuwapo kwa fosfeti si kuwapo kwa uhai. Na kuna kisa kingine chenye mazingatio zaidi. Mwaka 2010 wataalamu fulani walitangaza kwamba wamepata katika ziwa Mono, California, kijidudu kiwezacho kuishi kwa aseniki badala ya fosforasi. Magazeti ya ulimwengu yakajaa habari hiyo. Mwaka 2012 wengine walikipima upya wakakuta kwamba kijidudu kile hakiwezi kuishi bila ya fosfeti. Na mwaka 2025 jarida lililochapa habari ya kwanza likaifuta, ingawa waandishi wake hawakuridhika. Twaona kwamba elimu hii ina tabia ya kujikosoa hadharani, na hiyo ni sifa. Na twaona pia kwamba mwenye kuipokea habari yake siku ya kwanza kama kwamba ni hukumu ya mwisho hujitia katika fedheha bila ya sababu.

Hayo yote tuliyapeleka kwa yule mzee, jioni baada ya jioni, naye kijana yupo. Mzee alisikiliza habari ya hamira na habari ya kinu bila ya taabu. Tulipofika kwenye magadi alituuliza maswali mengi kuliko tulivyoweza kuyajibu, kwani ujanani mwake alipata kufanya biashara ya magadi. Tulipofika kwenye mwanzo wa uhai alimgeukia mjukuu wake akamwambia, "Ulikuwa umeniambia kwamba wanajua." Kijana akasema, "Nilikuwa nimesema wanatafuta, babu." Mzee akafikiri, akasema, "Basi nenda katafute nao. Lakini siku utakaporudi, uniambie waliyoyajua peke yake, na waliyoyadhani uniambie peke yake. Usinichanganyie." Ada ililipwa. Hatusemi kwamba tangu siku ile wanakubaliana katika kila jambo, bado hubishana. Lakini hubishana wakiwa wameketi katika mkeka mmoja, na hilo ndilo tulilolitaka.

Kwa wazee twasema haya: mtu akieleza namna kinu kinavyozunguka, hajasema neno lolote juu ya aliyekiweka. Hofu ya kwamba swali la mtoto litaibomoa imani ya nyumba humfundisha mtoto kuuliza mahali pengine, kwa watu wasiomjali. Na kwa vijana twasema: shikeni adabu ya elimu yenyewe. Mtaalamu wa kweli akisema "twadhani" hasemi "twajua", na mwanafunzi asiwe mjuzi kuliko mwalimu wake. Tena lipo swali lifaalo kuulizwa barazani na lisilofaa kuulizwa mbele ya maiti, hata kama jibu lake ni moja.

Tumalizie kwa jambo la shamba, maana fosfeti ya mwilini mwetu yote imepanda kutoka udongoni. Viwanda huweza kuvuta naitrojeni kutoka hewani na kuifanya mbolea, lakini fosforasi haiko hewani. Hupatikana katika mawe, na sehemu kubwa ya mawe hayo yanayojulikana duniani, kama 70 kwa mia, iko Moroko na Sahara ya Magharibi. Hapa kwetu yako mawe ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, yaliyotokana na vinyesi na mifupa ya ndege na samaki wa ziwa la kale, nayo husagwa yakawa mbolea. Uhai wa zamani umekuwa jiwe, na jiwe linakuwa mahindi, na mahindi yanakuwa mkono wa mtoto unaoshika kalamu. Mwenye shamba anayechoma mabua yake na kuacha jivu lipeperushwe, au anayeutupa samadi mtoni, anatupa kitu ambacho hakuna kiwanda kiwezacho kukiumba upya. Na arudishe ardhini kilichotoka ardhini, ili watakaokuja baada yetu nao wapate nguvu ya kushika, na ya kuachia.